Kadi Inasoma Katindiuka

Niliibamiza kadi kwenye dirisha la zahanati mpaka mtoto akashtuka mgongoni na kuanza kulia. Shikamoo nilishatoa, tafadhali nilishasema. Nyuma yangu, kwenye benchi, bibi yangu Anzelma alikuwa ameegemea upande mmoja, mkono wake wa kushoto umelala mapajani kama si wake.

"Kadi inasoma Katindiuka," muuguzi alirudia. "Hapa si kituo chake. Arudi kule wampe rufaa, au mlipie."

"Dada, Katindiuka ni mbali, na njia imejaa maji. Huoni hali yake?"

"Naiona. Ila mfumo unakataa. Kamlaumu aliyemwandikisha."

"Aliyemwandikisha ni mimi!" Benchi zima liligeuka. "Ni mimi, na niliwaambia!"

Uvumilivu wangu uliishia pale. Kwa hiyo ninyi mnaogawiwa simu za kuandikishia watu bima ya afya msimu huu, nisikilizeni. Mimi si mzee. Nina kidato cha nne na mtoto anayenyonya. Lakini kazi hiyo nimeshaifanya na nimeshaiacha, na wazee mnaokwenda kuwaandikisha ni wetu sote.

Siku ya kwanza tulikusanywa Ifakara kwenye ukumbi wa kata. Mratibu wa Bima, baba wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye kola, alitufundisha maneno ya kazi. Kaya ni watu wanaoandikwa kwenye kadi moja, na mmoja wao ndiye mkuu. Tegemezi ni anayeingia kupitia mwingine, kama mzee kwa mwanawe. Kituo cha kwanza ni zahanati ambayo mgonjwa lazima aanzie. Rufaa ni karatasi ya kumtoa pale kwenda hospitali kubwa. Simu ikishatuma jina na picha, kituo hakibadiliki mpaka kadi iishe muda wake.

"Andikeni zahanati iliyo karibu na nyumba," Mratibu alisema. "Basi. Msijifanye wajuaji."

Nilipangiwa Katindiuka, nyumbani kwetu. Vijana waliniitikia upesi. Wazee waliniuliza maswali, na walikuwa na haki ya kuuliza.

"Si tunaambiwa wazee tunatibiwa bure?" babu mmoja alinikazia macho.

"Babu, hiyo bure kwanza uliza inaishia wapi. Ukipelekwa hospitali kubwa, utafika na nini mkononi?"

Mwingine aliniambia kadi anayo, ila inaishi mfukoni mwa mwanawe, na mwanawe anaishi Dar es Salaam. Tulicheka wote. Baadaye niliacha kucheka. Mzee aliye tegemezi ashike kadi yake mwenyewe, au apewe kaya yake. Hilo nililisimamia kila nyumba, hata watoto wake waninunie.

Kwa Bibi Anzelma nilikwenda jioni. Ndiye aliyenilea.

"Mkuu wa kaya ni nani, bibi?"

"Andika mimi. Hata babu yako alipokuwepo nilikuwa mimi." Akajifunga kilemba upya. "Na unipige picha vizuri, mke mwenzangu, usinizeeshe mbele za watu."

Nilipofika kwenye swali la kituo cha kwanza, alinishika mkono. "Andika zahanati ya kule shambani. Mvua zikikolea mimi nipo dunguni."

Dungu, kwa msiolijua, ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya maji katikati ya mpunga. Familia nyingi za bonde letu huhamia huko kulima. Kisha vijana hurudi mjini kwa shughuli zao, na wazee hubaki kufukuza ndege kwa kombeo mpaka mavuno. Shamba la bibi liko upande wa Malinyi. Huko ndiko mzee analoa na kupigwa na mbu, na huko ndiko dawa yake ya presha inapomwishia bila mtu wa kumtuma. Nyumba yenye zahanati jirani inabaki na kufuli.

Nilimpelekea Mratibu jambo hilo mbele ya wenzangu.

"Dungu si makazi," alisema. "Makazi ni nyumba."

"Bosi, mpunga ukishatoa masuke, Katindiuka huwapati wazee. Wako kwa ndege."

"Sasa unataka tuandikishe ndege?"

Wenzangu waliangua kicheko. Mimi sikucheka. Niliandika Katindiuka kwa sababu simu yangu ilikataa kituo cha nje ya eneo nililopangiwa, na mwenye uwezo wa kuifungua alikuwa yeye.

Baadaye nilihamishiwa Uchindile, kwenye mashamba ya miti. Wazee niliowaandikisha kule walilima jirani na nyumba zao na kulala ndani mwaka mzima. Kwao kanuni ya Mratibu ilikaa sawasawa, na hapo ndipo nikaelewa ilitungwa kwa kufikiria watu wa aina gani. Hata hivyo nilimuuliza kila mmoja: mvua zikikolea unalala wapi? Mtendaji wa kijiji alinisikia akaniambia, "Binti, swali hilo lipeleke juu." Nililipeleka. Hakuna aliyenijibu. Nilirudi Ifakara kwa likizo ya uzazi.

Msimu huu bibi aliamka dunguni mdomo umepinda. Majirani walimtoa kwa mtumbwi, wakampandisha bodaboda hadi zahanati iliyo karibu, kisha wakanipigia, nikawafuata pale kwa kuzunguka. Mengine mmeshayasikia. Baada ya makelele yangu muuguzi alitoka akampima presha. Alipoona namba alipima tena, na nilijua naye hakupenda kazi aliyofanyishwa pale dirishani. Lakini rufaa hakuwa nayo ya kutoa, na sisi pesa ya kulipia hospitali hatukuwa nayo. Tulimzungusha bibi kwa njia ndefu hadi Katindiuka kufuata karatasi, ndipo tukafika hospitali. Daktari hakutuficha: tungewahi, mkono ule pengine ungepona.

Bibi yuko hai. Mdomo umerudi kidogo. Mkono haukurudi.

"Kombeo linataka mikono miwili," aliniambia kitandani, kwa ulimi mzito. "Mwaka huu ndege watanicheka, mke mwenzangu."

Nilitoka nje nikalia. Kisha nikaenda kwa Mratibu, nikamweleza yaliyompata bibi.

"Kama umechoka, andika barua ya kuacha kazi," alisema, hata hakuinua macho.

"Hiyo nitaandika. Ila itatanguliwa na nyingine."

Malalamiko yangu niliyapeleka masijala, ofisi ya wilaya inayopokea barua. Niliandika kwamba Bibi Anzelma alitaja mwenyewe mahali anapolala wakati wa mvua, na akapuuzwa. Niliandika kwamba Mratibu aliambiwa mbele ya mashahidi. Niliomba kila mzee wa bonde aulizwe analala wapi kila msimu, na kadi yake ipokelewe huko. Niliomba hilo lifanyike kabla ya mvua nyingine.

Karani alisoma mpaka mwisho, akashika kalamu.

"Hapa nikuandike nani? Mjukuu wa mgonjwa?"

"Mjukuu hamtamsikiliza," nilisema, nikimhamishia mtoto bega la pili. "Andika mwandikishaji wake."

Alinitazama kidogo. Kisha akaandika, akagonga muhuri.