Vali ya Bafu la Mama

Mama hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alitoka bafuni amejifunga kitenge, akapita sebuleni akiacha nyayo za maji, nami nikaona mguu wake wa kulia umeiva mwekundu hadi kifundoni. "Mama, umeungua!" Akautazama kama mguu wa jirani. "Wapi?" akauliza.

Daktari alikuwa ametuonya kwamba ugonjwa wa sukari unaitia ganzi miguu yake. Mama alikataa katakata. Miguu iliyomtoa Burundi hadi kambini Tanzania, alisema, haiwezi kumsahau leo.

Nyumba tulikuwa tumeinunua mwaka uleule, mtaa wa East Side mjini Buffalo, Marekani, baada ya kuchoka kupanga nyumba Louisville. Boila yake ndogo ya ukutani ilipasha vyumba na maji ya kuoga pamoja, bila tangi: ukifungua maji ya moto inawaka, ukifunga inazima. Bafuni kulikuwa na koki mbili za kizamani, ya moto na ya baridi. Niliapa mama haogi tena pale mpaka zing'olewe. Siku tatu nilimpashia maji kwa sufuria, nimeikasirikia nyumba, boila na nafsi yangu.

Fundi wetu alikuwa Mkongomani niliyefanya naye kazi ghalani. Dukani akanionyesha vali mbili za kuchanganya maji ya moto na ya baridi.

"Bon, kaka, hii inaangalia pression tu, nguvu ya maji. Boila ikituma moto ya kuchoma na pression iko ileile, inaiachilia. Ile ingine njo inapima moto yenyewe."

Ile ya pili ilikuwa ghali, na mimi hasira zangu ziko karibu. "Anaoga mama mmoja, si hoteli," nikamjibu. "Ya kwanza inatosha."

Hakubishana. "Donc, mama anaogaka namna gani?"

Kwetu mtoto wa kiume hamwulizi mama yake anaogaje. Nilikuwa tayari kumchagulia vali, na hata hilo sikulijua.

Tulirudi mikono mitupu. Kwa aibu nikamwomba mama atuoneshe anavyooga, akiwa amevaa nguo zake. "Mmekosa kazi nyinyi," akasema, lakini akaingia. Akaweka kigoda ndani ya beseni la bafu, akakaa, ndoo mbele ya miguu. Akafungua koki ya moto kidogo mno, maji yakatoka kama uzi. Boila kimya. Akajaribu kwa kidole, maji baridi. Akafunga, akajifanya anajimwagia kopo, kisha akafungua tena, safari hii zaidi.

Chini boila ikanguruma. Tulisubiri. Maji yakaanza kutoa mvuke, yakawa yanaruka ukingoni mwa ndoo, na mguu wake ulikuwa hapohapo. Hakuuondoa. Niliuvuta kwa nguvu hata nusura nimwangushe, fundi akaifunga koki.

"Mama anachungaka maji, hataki yapotee," fundi akasema polepole. "Boila haiwakake na maji kidogo. Akiongeza, moto inakuja yote mara moja."

Kambini tuliamka alfajiri kupanga foleni na madumu, na mama alitufundisha kuoga kwa makopo matatu. Adabu ile niliwahubiria wanangu kila Jumapili. Sasa ndiyo iliyokuwa inamchoma.

Nilinunua ile ya ghali. Fundi akaifunga, akaiwekea kikomo cha joto, akamwelekeza mama: mpini huu wa joto usiuguse, huu wa maji ufungue wote. Mama aliyatazama maji yakikimbilia shimoni, uso umemkunjamana. "Haya yote yanapotea?" Nikamwambia ndiyo, mama, yapotee.

Kesho yake nilisimama nje ya mlango wa bafu. Maji yalimwagika kwa nguvu. Kisha yakapungua. Yakapungua tena.

"Mama, fungua yote!"

Nikagonga. "Mama!"

"Ingia," akasema.

Alikuwa kigodani na kitenge chake, miguu ameikunja nyuma kabisa, mbali na maji. Hakunitazama.

"Weka mkono wewe kwanza," akasema. "Hii miguu hainiambii tena kitu."

Nikafungua maji yote, nikaweka mkono. Yalikuwa vuguvugu, sawasawa kabisa, nami nilikuwa nalia.