Ufunguo Ulikuwa Mfukoni Mwangu

Kosa langu lilikuwa kufuli. Nalitaja mapema ili msidhani natafuta wa kumlaumu.

Ndugu zangu, mimi ni kijana wa Kasulu. Nafanya kazi katika kiwanda kidogo cha kusubu vyuma. Tunayeyusha chuma chakavu, tunakimimina kwenye kalibu za mchanga, tunapata vipuri vya mashine za kusaga. Ufundi sikuusomea. Nilijifunza kwa kutazama, kwa kuharibu na kwa kukosa usingizi. Kipuri kikipinda kidogo tu, chakula hakinipiti kooni.

Mchanga wetu, uliochanganywa na udongo na maji kidogo ili ushikane, hutumika tena na tena. Ukitoka kwenye kalibu una moto, na ukiurudisha kazini hivyo hivyo unakauka kabla ya wakati, chuma kinatoka kina mashimo. Zamani tuliumwaga chini, tukaugeuza kwa koleo, tukangoja. Mimi nilichoka kungoja. Nikatengeneza pipa la kuzunguka, nikalitia feni, na juu yake bomba la maji. Kwenye injini ya lori bovu nikachomoa themostati, kile kidude kinachojifungua injini ikipata moto, nikakitia ndani ya pipa kiguse mchanga, nikakiunganisha na koki. Mchanga ukiwa wa moto, koki inafunguka yenyewe. Ukipoa, inajifunga. Kando yake niliacha koki ya mkono ya kuzima maji. Siku ilipofanya kazi mara ya kwanza nilikwenda nyuma ya kiwanda nikalia.

Aliyenicheka ni Bizimana, mmiminaji wetu. Alivuka kutoka Burundi kupitia Manyovu na mkewe na watoto, na tangu tulipojuana aliniita mdogo wake. Yeye, kama wenzake wote, aliupima mchanga unyevu kwa mkono: aliufumbata kiganjani, akauvunja, akatazama ulivyokatika.

"Mkono wako una namba?" nilimwuliza.

"Hauna namba, sha, mdogo wangu. Una ngozi."

Watu wakaanza kuigusagusa koki. Huyu kaongeza, yule kapunguza, nami kila nikirudi naikuta sivyo nilivyoiacha. Roho ikaniuma. Nikaifungia ndani ya sanduku la bati, nikatia kufuli. Koki ya mkono iliyokuwa nje nikaing'oa, maana niliona ni ya nini tena.

Mzee Saidi, mwenye kiwanda, akaniuliza, "Bwana mdogo, na wewe ukiugua?"

Nikamjibu kwamba mashine yangu haimhitaji mtu.

Kisha nikapanda lori kwenda Kibondo kutafuta vyuma chakavu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Udongo wa ule mchanga uligandia kwenye themostati, ukaungua, ukawa ganda gumu, koki ikakwama wazi. Mchanga umepoa, maji yanaendelea kumwagika. Wote waliona. Kila aliyefumbata alifungua kiganja kina tope. Na tanurini chuma kimeshaiva. Kikiganda humo, tanuri limekufa. Mmoja akachukua nyundo avunje kufuli.

Bizimana akamzuia. "Iacheni. Ile mashine ni mtoto wake. Akiikuta imevunjwa atakonda. Leteni mchanga mkavu tuchanganye."

Wakachanganya. Kalibu za kwanza zilikubali. Moja ilibaki na maji tumboni. Chuma kilipoingia, mvuke ukakirusha juu, kikaangukia ndani ya kiatu cha Bizimana.

Nilirudi nikiwa na furaha, nimepata vyuma vizuri. Mzee Saidi hakunigombeza. Alisema tu, "Nenda Kabanga. Mwenzio yuko hospitali."

Mkewe alikuwa barazani, chakula kimepoa mikononi mwake. Nilitamani anitukane. Akainuka, akasema kama siku zote, "Shemeji, pole na safari."

Bizimana alikuwa amelala, mguu umefungwa bandeji mpaka gotini. Aliponiona akajaribu kucheka.

"Umeiona mashine yako? Hatukuivunja."

Neno hilo ninaamka nalo mpaka leo. Vidole vya mguu ule havipo. Mtu alikubali kuungua kuliko kuniudhi, kwa sababu nilikuwa nimewazoesha wote kuniogopa kwa ajili ya koki. Nimechoka kujieleza kwamba nilitaka kazi iwe safi. Ni kweli nilitaka. Haimrudishii mguu.

Wewe unayependa kazi yako isiwe na dosari, nakuomba: usijenge kitu ambacho mwenzako hawezi kukizima ukiwa haupo. Na ukiona watu wananyamaza ukipita, usidhani ni heshima.

Sasa kufuli haipo. Koki ya mkono nimeirudisha nje, nimeipaka rangi nyekundu, anayetaka aifunge bila kuniuliza. Themostati tunaisafisha kila asubuhi kabla ya kuwasha tanuri. Bizimana hamimini tena. Anakaa kwenye kigoda penye mdomo wa pipa, anaufumbata mchanga, anauvunja, anautazama, na hakuna kalibu inayojazwa mpaka aseme, "Ego, ndiyo, huu unafaa."