Hapana ya Dafrosa

Pasi ya mkaa ikipita juu ya kitenge kipya hutoa harufu kama ya majani yaliyoungua kidogo. Harufu hiyo ndiyo inayonirudisha Remera, kwenye duka la kushona la Shangazi, likizo ile ndefu nilipokuwa na miaka kumi. Duka lilikuwa chumba kimoja karibu na kituo cha mabasi, na kila basi lililopita lilitikisa kioo cha kujipimia mpaka mteja akajiona ana nyuso mbili. Ulikuwa msimu wa harusi. Mafundi walishona mishanana, yale mavazi mepesi ya sherehe yanayofungwa begani, na vumbi la uzi lilielea hewani hata kwenye chai ulilikuta. Kiswahili ndicho kilichotawala humo, kwa kuwa Shangazi alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, na fundi wake mkuu, Mama Zaituni wa Nyamirambo, alikirithi kwa babu yake mchuuzi aliyetoka pwani. Wateja tuliwajibu kwa Kinyarwanda. Wakishatoka tuliwasema kwa Kiswahili.

Dafrosa alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Shangazi, hivyo kwangu alikuwa dada. Alipindia nguo na kufunga vifungo bila mshahara, na mara kwa mara alikumbushwa kwamba anakula na kulala bure. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Lakini umeme ulipokatika na mashine ya kudarizi ikanyamaza, Dafrosa alikuwa malkia wa chumba kile, maana alikuwa na riwaya. Haikuwa na jalada, na kurasa zake zilinuka samli ya safari ya kutoka Karagwe. Ilimhusu Mashavu, binti wa fundi wa matandiko ya punda, Tabora, enzi za misafara. Mashavu hakutaka kuozwa. Mchumba wa kwanza, Mashavu alimmwagia mtindi kilembani. Wa pili alimfungia zizini na beberu. Wa tatu, kiongozi wa msafara mwenye kiburi, aligombana naye kila ukurasa, na hata mimi nilijua mwishowe watapendana. Dafrosa aliwasomea mafundi kwa sauti, akibadili sauti kwa kila mtu, na Mama Zaituni akisimamisha cherehani yake na kujipiga paja.

"Mwambie, mwanangu," alimhimiza Mashavu kana kwamba yumo chumbani. "Mwambie huyo mzee akamuoe punda wake."

Shangazi naye alicheka mpaka akatema pini alizobana kwa midomo.

Kisha akaja Bwana Faustini kupunguziwa suruali. Alikuwa mgane wa makamo mwenye nyumba Nyarutarama, kwenye kilima cha matajiri juu ya ziwa. Kulikuwa na matope siku hiyo, na aliposhuka garini alimwagiza dereva wake, mtu mzima mwenye mvi, apige magoti mlangoni petu amfute viatu. Dereva alifuta. Bwana Faustini alikuwa akimtazama Dafrosa muda wote huo, akitabasamu. Baada ya wiki chache Shangazi akatangaza kwamba watu wa Bwana Faustini watakuja kuomba mke.

Dafrosa alikataa jikoni, akimenya ndizi, mimi nikiwa pembeni nachambua maharage.

"Simtaki, Shangazi. Uliona alivyomfanya yule mzee."

"Alimfuta viatu. Wewe nani anakufuta?" Shangazi aliosha mikono polepole. "Mkataa pema, pabaya panamwita. Na huyo Mashavu wako alikuwa na baba."

Kisu cha Dafrosa kilisimama katikati ya ganda. Shangazi akalainisha sauti. "Isitoshe, hakuna anayekulazimisha. Utaulizwa mbele ya watu. Utasema mwenyewe."

Nadhani hilo ndilo lililomtuliza. Alianza hata kuimba kazini. Alikuwa ameona mwanya, na Mashavu siku zote alikataa mbele ya watu.

Anayezijua sherehe zetu za kuomba ameshaliona kosa lake. Wageni hupeleka msemaji hodari, na wenyeji huweka wa kwao, na kazi ya wenyeji ni kukataa. Huwaambia wageni kwamba binti ameingia utawani, kwamba ng'ombe wao wamekonda, kwamba hawajui hata jina la kijana. Ukumbi hucheka, wageni hubembeleza, na jibu wote wanalijua tangu asubuhi. Mahali pale hapana ni kionjo tu, kama pilipili. Dafrosa alikuwa amekwenda kusema hapana yake mahali pekee ambapo haingeweza kusikika.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kikapu kidogo cha zawadi. Aliletwa amevaa mshanana wa rangi ya asali tulioushona wenyewe, na msemaji wetu, mzee wa kukodiwa mwenye sauti ya redio, akamuuliza kwa madaha kama anawafahamu wageni hawa na kama yuko radhi.

"Hapana," alisema Dafrosa. "Simtaki."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Msemaji alifungua mikono. "Wageni, mmesikia. Mlidhani mmekuja kuchuma maboga?"

Dafrosa alirudia, kwa sauti kubwa zaidi. Wanawake wakapiga vigelegele. Msemaji akawaambia wageni waongeze utamu wa maneno, binti huyu amelelewa vizuri. Ndipo Dafrosa alipoacha Kinyarwanda, akageukia meza ya mbele na kusema kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, "Shangazi, wewe unajua kwamba simtaki."

Shangazi alijua. Alirekebisha kitambaa begani akacheka, akawa wa mwisho kuacha kucheka. Mama Zaituni naye alijua, kwa sababu kila mmoja dukani alijua. Alimwinamia jirani yake na kusema, kwa sauti ya kusikika, "Kama Mashavu kabisa." Bwana Faustini alitabasamu vilevile kama siku ya matope. Kisha ngoma ikaanza.

Dukani tulirudi kazini, Dafrosa akiwa ameshaolewa. Umeme ulipokatika, Mama Zaituni alitoa riwaya kwenye droo akanipa mimi, kwa kuwa nilijua kusoma, na nikawasomea sura za mwisho, Mashavu anavyomkubali kiongozi wa msafara huku akimtukana. Walifurahi sana. Hakuna aliyeuliza msomaji wetu anaendeleaje.

Sasa nina shahada, sina kazi, na nina tabia ya kuchunguza kila neno mpaka lipoteze maana. Mtu akisema "tutakupigia simu" nakaa siku nzima nikilipima. Kwenye sherehe za marafiki namtazama bibi harusi wakati wengine wanacheka, na mara moja nilimfuata mmoja uani kumuuliza kama alimaanisha alichojibu. Aliniambia nimesoma kupita kiasi.

Mwezi uliopita Dafrosa aliniita Nyarutarama. Amenenepa, ana sauti ya kuamrisha, na mlinzi humfungulia geti kabla hajafika. Tulikunywa chai kibarazani, ziwa likiwa chini yetu. Akaniambia mume wake ana mdogo wake, mtu mzuri, ana gari, na watu wake wako tayari kuja.

"Simtaki, dada," nikasema.

"Hakuna anayekulazimisha." Alisukuma sahani ya keki kuelekea kwangu. "Utaulizwa mbele ya watu. Utasema mwenyewe."

Nilimtazama nikitafuta mzaha, hata uchungu. Sikuviona.

"Sitafika mbele ya watu. Nakuambia wewe, hapa. Simtaki."

Akacheka. Kilikuwa kicheko cha Shangazi, kirefu, chenye kurekebisha nguo begani. "Kama Mashavu kabisa," akasema.

Sikucheka naye wala sikusogea. Nililirudia neno langu taratibu, nikimtazama machoni, nikangoja. Kicheko kilimpungua, kikaisha, akabaki ameshika kikombe bila kunywa, na kwa muda mrefu hapakuwa na sauti kibarazani. Siku ile ukumbini walikuwamo ndugu, majirani na mafundi wa duka zima, na hakuna hata mmoja aliyempa yeye kimya kama kile.