Laptop ilivyoganda na habari za marehemu Mama zikiwa ndani

Assalaam alaykum wakuu, na wale wa salamu nyingine, habari za mchana.

Ninachoandika kimetokea nyumbani kwetu Kengeja, Pemba, Jumamosi iliyopita. Mhusika mwenyewe amekaa hapa kibarazani anakunywa uji, na nimemwahidi nitamsomea kabla sijatuma. Nikitia chumvi atanisuta, kwa hiyo mtayapata kama yalivyokuwa.

Baba yangu, Mzee Kombo, alikuwa dereva wa yale malori ya abiria yaliyofungwa mabenchi. Kastaafu, magoti yanamsumbua, lakini kwa maneno bado yupo gia ya juu.

Mama yetu, Bi Mize, alifariki mwaka juzi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tangu tumzike, Baba alikuwa hamtaji. Si kwa ubaya. Ukimtaja wewe tu, yeye anainuka, anakwenda kuangalia migomba yake. Migomba yenyewe haina tatizo lolote. Sisi watoto tukazoea, tukawa tunamzungumzia Mama wakati Baba hayupo.

Mimi ni karani, nakaa mjini Chake, wikiendi narudi kwetu. Niliponunua laptop nyingine nikamletea Baba ile ya zamani, nikijua atatazama video za magari.

Akaigeuza geuza, akaniuliza, "Hii nayo yaandika?"

"Yaandika, Baba."

"Basi n'fundishe. Nataka kuandika maisha yangu."

Nikamfungulia Word, faili tukaliita "Maisha ya Kombo", nikali-save, nikamwonyesha pa kubonyeza.

Wakuu, mngemwona! Anaandika kwa kidole kimoja, miwani puani, uso kama mtu anayetoa mwiba. Akiitafuta herufi mpaka akaipata anaiambia, "Ala, kumbe upo hapa!" Wajukuu wanajificha mlangoni wanacheka, yeye wala hana habari.

Sasa Jumamosi hiyo, baada ya chai ya asubuhi, nipo uani namenya muhogo. Nikasikia ukelele.

"Salma! Salma njoo, gari imezima!"

Nikajua ni gari gani.

Kufika, kioo kinaonyesha ukurasa umejaa maandishi lakini umeganda. Mshale hauendi. Anabonyeza herufi, haitokei. Kisomo cha Kurani alichokuwa akikisikiliza kutoka kwenye flashi nacho kimenyamaza.

Na kidole chake kiko juu ya kitufe cha kuwashia.

"Baba, usiguse!"

"Kwa nini? Nazima, nawasha tena. Hata injini ikikataa ndivyo."

"Uli-save?"

"Mimi nikimaliza huwa nafunika."

Yaani anafunika kifuniko cha laptop, wakuu. Muda wote huo alijua kufunika ndiyo kuhifadhi! Siku zote ilikuwa inalala tu na kuamka, kwa hiyo alikuwa akiikuta kazi yake palepale.

Nikamuuliza kama leo ameandika mengi.

Akavua miwani. Akaifuta kwa shati, polepole.

"Nimeandika habari za mama yako."

Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye.

"Tangu nimeswali Alfajiri naandika," akasema. "Yakipotea, mwanangu, ndiyo yamepotea. Mimi sina nguvu ya kuyasema mara mbili."

Jamani. Mikono yangu ilikuwa bado na wanga wa muhogo, nikaifuta kwenye kanga, nikasema bismillahi.

Nieleze nilichofanya, maana najua humu kuna watu yatawakuta.

Kwanza, kabla ya kugusa kitu, nilipiga picha kioo kwa simu. Maandishi unayoyaona kwenye kioo kilichoganda bado ni mali yako. Piga karibu, hakikisha yanasomeka. Nilipiga tena na tena, mpaka Baba akaniuliza kama ninaitengenezea pasi ya kusafiria.

Pili, nilibonyeza Caps Lock. Kile kitaa chake kikawaka, nikabonyeza tena kikazima. Hiyo ni dalili njema, mashine inakusikia ila imeelemewa. Nikachomeka chaja, nikasubiri.

Kusubiri ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Baba alikuwa anazunguka meza kama dereva ambaye lori lake limekwama matopeni na abiria wanamtazama.

Flashi nikaigusa, moto! Ni ya kizamani, imeshaanguka mara nyingi. Nikashuku ndiyo inayoivuta mashine, kwa sababu kisomo kilikatika wakati uleule. Nikaichomoa.

Kisha nikashika Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja. Kimya. Baba akanitazama, mimi nikatazama kioo. Mwisho kikageuka rangi, ikaja ile orodha. Nikachagua Task Manager, nikaifunga ile programu ya kisomo peke yake. Word sikuigusa, nikitumai itazinduka.

Haikuzinduka. Kwenye Task Manager bado imeandikwa haijibu. Nikaipa muda, nikaenda nikaepua chungu kilichokuwa jikoni, nikarudi, vilevile.

"Baba, itabidi niifunge."

"Ifunge wewe. Mimi sitazami."

Akageukia dirishani kweli, mikono nyuma.

Nikaifunga. Nikaifungua upya. Na hapo pembeni kushoto likatokea jina la faili letu, limeandikwa kuwa limeokolewa. Word huwa inajiwekea nakala yenyewe kila baada ya muda. Nikabonyeza, kurasa zikaja.

Nilipiga kigelegele, majirani wakafikiri kuna posa!

Nikali-save palepale, halafu ndipo nikatazama mwisho. Nakala ilikuwa imeishia pungufu. Vifungu vya mwisho havimo. Lakini kwenye picha za simu vipo vyote.

"Kaa, Baba. Mimi nasoma, wewe andika."

"Andika wewe, una haraka ya vidole."

"Kitabu ni chako."

Akakaa. Nikaanza kusoma kutoka kwenye simu, yeye anatafuta herufi. Alikuwa ameandika jinsi Mama alivyokuwa anakataa kukaa mbele kwenye lori kwa sababu watu watasema anaringa na mumewe. Alivyokuwa akimwekea andazi kwenye kitambaa, na akimkuta kalisahau anamnunia mpaka Magharibi. Mimi haya sikuyajua hata moja. Nasoma, nikisita Baba ananingojea bila kuinua uso, kidole kikiwa juu ya kibodi.

Hakuinuka kwenda migombani.

Sentensi ya mwisho kwenye picha ilikuwa haijaisha. Imeandikwa, "Siku ninampeleka hospitali aliniambia", basi. Hapo ndipo ilipoganda.

"Alikwambia nini, Baba?"

Akakiondoa kidole kwenye kibodi, nikadhani leo nimevuka mpaka.

"Aliniambia, Kombo, leo usiende mbio, nataka kuiangalia njia." Akavuta pumzi. "Nikaenda polepole. Watu nyuma wanapiga honi, nikawaacha wapige."

Kisha akainama, akaanza kuitafuta herufi ya kwanza.

Sikumsaidia. Nilimshika bega tu mpaka akamaliza.

Sasa wakuu, funzo nililopata ni hili. Kioo kikiganda usikimbilie kuzima. Piga picha, subiri, chomoa vitu vya pembeni, funga kimoja kimoja, na ukifungua upya uangalie nakala zilizookolewa. Nimeingia kwenye mipangilio nikaifanya Word ijiwekee nakala kila dakika. Na wazee wetu tukiwafundisha kuandika, tuwaulize na wao wanaelewa vipi neno "kuhifadhi". Mimi sikuuliza.

Nimemsomea Baba uzi wote. Amesema kigelegele hakikuwa kimoja, vilikuwa viwili, kwa hiyo nasahihisha.

Wataalamu, kuna njia ambayo ningeweza kuinusuru Word bila kuifunga? Na nyinyi wengine, mmewahi kuokoa nini kwenye mashine iliyoganda? Andikeni, Baba amevaa miwani anasubiri kusoma.