Mama Mkwe Pangoni

Mama wa mchumba wangu alikaa Johannesburg siku kumi na tatu bila kunisemesha neno hata moja. Hatukuwa tumegombana. Kwao, kusini mwa Kongo, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakitaka kuambiana jambo wanatafuta mtu wa kulibeba. Mimi nilizaliwa Nairobi, kwenye ghorofa ambamo mama mkwe wa jirani yetu alikuwa akifua mashati ya mkwe wake huku akimtukana, kwa hiyo heshima ya namna hiyo niliijua kwa kusikia tu.

Tatizo ni kwamba sikuwa mkwe bado. Barua ilikuwa imepelekwa Lubumbashi na wajomba walikuwa wamekubali, lakini mama alisema hatoi binti kwa mtu aliyemwona kwenye simu. Akapanda ndege, akafikia kwa mdogo wake mtaa wa La Rochelle, humu humu jijini, akaanza kunichunguza kupitia pazia la mlango wa jikoni. Jumapili angerudi kwao na jibu. Ukimya wake ungeweza kuwa heshima, au ungeweza kuwa hapana. Mchumba wangu mwenyewe, ambaye amemjua mama yake kwa miaka thelathini na moja, hakuweza kuniambia ni kipi kati ya hivyo viwili.

Habari ya mapango niliianzisha mimi, mdomo uliponiponza. Mwenzangu wa kazini benki, ambaye babu zake walitoka India, alikuwa amerudi likizo na picha za mapango yaliyo karibu na jiji moja kubwa la huko. Watawa wa Kibudha waliyachonga mlimani kwa patasi karibu miaka elfu mbili iliyopita: vyumba, nguzo, matangi ya maji, hata vitanda, vyote ndani ya jiwe lile lile. Jioni moja nilikuwa namsimulia mchumba wangu, mama akiwa upande wa pili wa pazia akichambua maharage. Nikasikia maharage yameacha kuanguka kwenye sinia.

"Umuulize," mama akasema, "hao bantu baliacha bibi zabo kwenda kulala ku jiwe?"

"Ndiyo, mama," mchumba wangu akajibu kwa niaba yangu.

"Umwambie nitaenda kuona."

Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza kwamba katikati kuna bahari. Nikasema Jumamosi. Johannesburg nayo ina mapango yake, mwendo wa chini ya saa moja kaskazini magharibi, mahali walipofukua mifupa ya watu wa kale kabisa. Pango ni pango, nikajiambia, na mwanamke aliyekuja kunikagua mimi hatakuwa na nafasi ya kukagua patasi za watawa.

Tuliondoka saa tatu asubuhi. Mimi kwenye usukani, mchumba wangu kando yangu, mama kiti cha nyuma na vitenge viwili kiunoni, sweta, na kilemba cha kwenda kanisani. Kati ya mdomo wake na sikio langu hapakuzidi futi tatu.

"Umwambie apunguze mbio."

"Mama anasema upunguze mwendo."

"Mwambie niko themanini."

"Mama, ni themanini tu."

"Umwambie apunguze tena."

Nikapunguza mpaka lori la majani ya ng'ombe likatupita. Nakiri nilikuwa na hasira. Siku kumi na tatu nilikuwa nimeinama, nimeangalia viatu vyangu, nimekula peke yangu uani, na bado sikujua kama nilikuwa naheshimu mama mkwe au mama wa watu. Mtu anayefanya mtihani angalau anaonyeshwa karatasi ya maswali.

Mwongozaji alikuwa mwanamume wa makamo mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Alitugawia kofia ngumu zenye taa. Mama alikataa kuvua kilemba, hivyo kofia ikakaa juu yake kama kifuniko cha sufuria nyingine. Tukashuka ngazi, sisi watatu pamoja na watalii wawili wazee, mume na mke kutoka Uholanzi. Chini kulikuwa na baridi na harufu ya udongo uliolowa. Mwongozaji akatueleza kwamba binadamu wote duniani asili yao ni Afrika, na kwamba babu na bibi zetu wa mamilioni ya miaka iliyopita walianguka humu wakaacha mifupa.

Mama alisikiliza tafsiri ya binti yake mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akazungusha taa yake kwenye kuta.

"Bitanda biko wapi?"

Mchumba wangu akanitazama. Mimi nikatazama mwamba. Mwongozaji alipotafsiriwa, akasema kwa masikitiko kwamba hapa hakuna vitanda, kuna mifupa.

"Umwambie bwana, sisi bazee betu balitoka ku Kalemie."

Mwongozaji akasema Kalemie nayo haina shida, wote tunakaribishwa. Mama akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka, nami nikaona labda mambo yatakwenda.

Kisha tukafika kwenye njia nyembamba. Mwongozaji akasema kuanzia hapo ni kutambaa kwa magoti, kwa hiyo mwenye magoti mabovu, au mwenye mwili, anaweza kurudi kwa ngazi bila aibu yoyote. Aliposema hivyo alimtazama kila mtu isipokuwa mama, kwa uangalifu mkubwa hivi kwamba sote tukamtazama mama.

"Umwambie mimi nilipitaka mu njia ndogo kuliko hii, na mutoto ku mugongo," mama akasema, akapiga magoti.

Mwongozaji alitangulia, akafuata mchumba wangu, kisha mama, kisha mimi, na Waholanzi nyuma yangu. Adabu ilikataza kabisa mimi kutambaa nyuma ya mama mkwe, lakini aliyetengeneza lile pango hakufikiria wakwe. Nilibaki nyuma kadiri nilivyoweza, nikimulika mchanga. Baada ya muda nikaona nyayo za viatu vyake hazisogei.

"Mama amekwama," sauti ya mchumba wangu ikatoka upande wa pili.

Mwongozaji akasema si jambo la kuogopa, aliye nyuma yake asukume kidogo.

"Umwambie asinikamate," mama akasema.

"Mama anasema usimshike."

"Nimesikia."

Mwongozaji akauliza kwa nini tunachelewa. Mchumba wangu akamweleza kwa Kiingereza kwamba yule aliye nyuma ni mkwe, au karibu mkwe. Mwongozaji alikuwa Mzulu. Akasema "eish" moja ndefu, wala hakurudia habari ya kusukuma, maana kwao pia mkwe ni mkwe. Mzee wa Kiholanzi akanigusa kisigino na kujitolea kumsukuma yeye. Nikamkatalia kwa ukali ulionishangaza. Kama ni kuvunja mwiko, ningeuvunja mwenyewe.

Mama alianza zaburi kwa Kifaransa. Aliimba vizuri mistari miwili, wa tatu akaukata katikati. Nikasikia anavuta pumzi fupi fupi, na binti yake anamwita, "Mama, mama," naye haitiki. Hapo mzaha wote ulinitoka. Niliogopa. Nikimshika, kesho atawaambia wajomba kwamba yule Mkenya alinikamata kiuno gizani, na nitaambiwa nitafute binti mwingine, nami sikutaka mwingine. Nisipomshika, yule binti atamtazama mama yake akizimia mbele ya macho yake, na mimi niko nyuma nimekunja mikono kwa adabu.

Nikageuka. Kumpa mtu mgongo ni dharau, kila mtu anajua, lakini sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Nikakaa mchangani, miguu nikaikaza kwenye mwamba, macho nimeyafumba ingawa mbele yangu walikuwa Waholanzi tu, na mgongo wangu nikauweka kwenye ile sehemu ya mama mkwe ambayo mpaka leo sijaitaja kwa jina. Nikasukuma. Mara ya kwanza hakuna. Mara ya pili kitu kikalia "kwa", na mama akachomoka kwenda kwa binti yake, mimi nikaanguka chali.

Kilicholia ni jalada la Biblia. Alikuwa ameifunga kiunoni katikati ya vitenge, Biblia nzima ya jalada gumu, asije akakutana na pepo wa pangoni akiwa mikono mitupu. Ndiyo iliyomkwamisha.

Juu, kwenye jua, mama aliketi kwenye benchi akijipangusa vumbi. Hakunitazama. Yeye na binti yake walikula pale pale, mimi nikala vibanzi vyangu ndani ya gari na madirisha yamefungwa. Mchumba wangu aliponiletea maji nilimuuliza mama amesema nini. Akasema hajasema kitu.

Njia nzima ya kurudi hakuna aliyemwambia mtu amwambie mtu chochote. Nilikwenda sitini bila kuombwa. Nilishaanza kutunga kichwani maneno ya kuwaaga wajomba ambao sikuwahi kuwaona. Tulipoingia mjini taa za barabarani za kwanza, robot kama waziitavyo huku, zikatusimamisha, nyekundu.

"Umwambie ataleta mbuzi moya," mama akasema.

Nikageuka kwa mchumba wangu. "Mbuzi wa nini?"

"Umemgusa. Kwetu ni mbuzi."

Niliwaka. Nikasema amwambie mama kwamba ningefuata adabu zao angekuwa sasa anaonyeshwa watalii pamoja na mifupa mingine. Nikasema mgongo wangu umechubuka. Nikasema mengi. Mchumba wangu hakupeleka hata neno moja nyuma. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, na machozi yanamtoka.

"Wewe mjinga," akasema. "Mtu wa nje akimgusa mama, anaitiwa polisi. Mbuzi anatozwa mkwe."

Robot ikawa kijani. Miguu yangu haikujua kanyagio ni lipi. Nyuma yetu taksi zikapiga honi, dereva mmoja akatoa kichwa na kumtaja mama yangu mzazi, na mimi, mtu mzima wa benki, nilikuwa nimeegemea usukani nalia.

"Umuulize," mama akasema polepole, "analilia mbuzi?"

"Mwambie ndiyo," nikasema, kwa sababu ukweli wenyewe haukuwa wa kusemwa mbele ya mama mkwe.