Nilitafsiri Filamu ya Mafuriko Nisiyoielewa

Nimekosa, jamani. Nimekosa vibaya, na aliyelipia uongo wangu si mimi!

Miaka ya tisini nilikuwa mtafsiri kwenye banda la video sokoni kwetu, huku Migori, chini karibu na Mto Kuja. Nilisimama kando ya televisheni nikiwaeleza watu filamu kwa Kiswahili. Kumbe Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji tu! Nisichokielewa nilikitunga, na watu walinishangilia.

Jumapili moja mchana tulionyesha filamu ya familia iliyokumbwa na mafuriko. Baba, mama na watoto wawili wamekwama juu ya paa. Baba anapiga kelele, anajipiga kifua, machozi yanamtoka. Sikuelewa hata neno moja. Nikapaza sauti: "Anasema mwanaume haachi dala yake! Maji yatapita, dala itabaki!"

Lo! Banda zima likalipuka kwa vifijo. Dala ni boma la mtu, na kwetu Wajaluo mzee halali nyumbani kwa mwanawe hata iweje. Nilijua nawagusa wapi. Mwishowe helikopta ikaja, familia yote ikaokoka. Baba yangu mdogo, aliyekaa benchi la mbele, akanipa mkono. "Wewe umesoma, wuoda. Mwanangu umesoma kweli!"

Haikupita miezi mingi, mvua za El Niño zikaanza. Naibu wa chifu akapita kila boma akiwaambia watu wahamie shule ya msingi kule mlimani. Nilienda kwa baba mdogo kuwasaidia yeye na mkewe kubeba mizigo. Mama mdogo alikuwa ameshafunga unga na nguo kwenye leso. Baba mdogo ameketi mlangoni, hataki kuinuka.

"Mimi sitoki. Hata wazungu kwa filamu walikaa na wakapona. Si wewe ndio ulituambia?"

Ilikuwa nafasi yangu! Ningesema tu, "Baba, nilidanganya." Lakini naibu wa chifu alikuwa pale, na majirani, na mimi nikaona haya.

"Ndiyo, baba," nikajibu.

Mama mdogo akanitazama, kisha akaifungua leso yake. Hangeweza kumwacha mumewe.

Kesho yake asubuhi mto ukavunja kingo. Nyumba ya udongo itashindana na nini? Baba mdogo alinusurika juu ya mti. Mama mdogo tulimpata siku ya tatu.

Baada ya mazishi nilimwomba mwalimu mmoja aitazame ile kanda. Akaniambia yule baba alikuwa akijilaani. Aliambiwa ahame mapema, akakataa, barabara ikakatika. Ndicho alichokuwa akililia! Nilitamani kujichapa makofi.

Mpaka leo baba mdogo huniuliza, "Wale watu walifanya nini ambacho mimi sikufanya? Niwekee hiyo filamu tena, nione nilikosea wapi." Yaani anajilaumu yeye! Nami humjibu kwamba kanda iliharibika. Haikuharibika. Iko ndani ya sanduku langu.

Wewe unayewasomea wazee barua, unayewaeleza maneno ya daktari au ya redio, nakusihi: kama hujui, sema hujui. Watakucheka, waache wacheke. Mimi niliogopa kuchekwa mbele ya majirani watano, na mama mdogo yuko kaburini.