Betri Aliyoianika Babu

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka mpaka ubaridi wake. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Mlima Hanang ukakaa juu ya mahindi yetu pale Endasak, nami nimeketi mlangoni, laptopu mapajani, naitazama kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Skrini ilisema betri imejaa. Nikachukua kikombe cha uji, na kabla sijakimaliza mashine ikazima, kimya. Nilikasirika vibaya sana. Wewe unanijua hivi nilivyo mpole, lakini ujana wangu ulikuwa na moto, muulize mama yako.

Nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu jana nilikuona umeilaza laptopu yako kitandani, blanketi juu, inachajiwa tangu asubuhi na feni yake inalia. Nikasema moyoni, huyu nisipomwambia sasa nitamwambia lini? Basi sogeza hicho kigoda. Mimi sina haraka, na wewe hiyo simu iweke chini kidogo.

Enzi hizo mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mchanga. Wazee walikuwa wakisema wanakwenda mkoani, kumbe wanamaanisha Arusha. Biashara ilishafunguliwa na mitumba ilikuwa imejaa minadani, makoti, redio, viatu vya mguu mmoja mmoja, na baadaye hata kompyuta. Mimi nilikuwa mwalimu kijana wa sekondari ya kata, na laptopu yangu ilikuwa ya mtumba hivyo hivyo, nzito kama tofali, imeshazeekea mikononi mwa watu wa mbali nisiowajua. Kijijini umeme hakuna. Tulichaji shuleni, kwenye sola.

Niliitafuta kwa jambo moja tu. Babu yangu, Mzee Qamara, ndiye peke yake aliyebaki upande ule wa mlima anayeijua slufay nzima, ile sala ndefu ya baraka ya sisi Wairaqw. Mzee mmoja anasema, watu wanaitikia, anasema tena, wanaitikia tena, mpaka unajisikia kama umebebwa mgongoni. Anaomba mvua, anawaombea ng'ombe, anamwombea hata mgeni asijikwae njiani. Wenzake wote walikuwa wameshazikwa, na yeye mwenyewe kifua kilikuwa kinambana. Nilitaka kuirekodi sauti yake kabla hajatuacha. Simu za wakati ule zilijaa upesi, usingeweka sala ndefu humo. Nikamwomba aje shuleni, tukae karibu na sola.

"Nikauambie ukuta?" akaniuliza. "Ukuta utaniitikia?"

Sala ingesemwa siku ya pombe ya mavuno, uani kwake, mbele ya watu. Kwa hiyo jambo zima lilining'inia kwenye ile betri kuukuu.

Niliipeleka Katesh kwa Fundi Lohay, mtengeneza redio aliyekuwa ameanza kushika na kompyuta. Aliipapasa pande zote kuona kama imevimba, akainusa, ndiyo kwanza akazungumza. "Mwalimu, usiiamini ile asilimia," akasema. "Ijaze, chomoa waya, ifanyie kazi ile ile utakayoifanya siku yenyewe, halafu tazama saa mpaka izime. Hiyo ndiyo nguvu yake. Hayo mengine ni maneno ya skrini."

Akaniambia jaribio hilo nilifanye mara moja moja tu, lisiwe mchezo wa kila siku. Siku za kawaida nisiiache kwenye umeme kutwa nzima ikiwa imeshajaa, wala nisiinyonye mpaka tone la mwisho. "Kwani ninyi kwenu mkikamua, ndama hamumwachii?" Nikamjibu tunamwachia chuchu mbili. "Basi na hii uiachie. Na jingine kubwa, uiepushe na joto. Joto linaiua hii kitu kuliko kazi."

Nikaishika kauli yake. Wiki za mwanzo betri ilitulia, haiongezeki wala haipungui. Halafu, jamani, ikaanza kushuka. Kila nikiipima inazima mapema zaidi, na mimi sioni nilipokosea. Ndiyo siku ile ya ukungu na uji niliyokuambia.

Nikaichomoa betri, nikaiweka kwenye benchi, nikaingia ndani kutafuta koti. Ukungu ukapanda, jua likatoka safi. Niliporudi mlangoni nikamwona Babu anakuja na fimbo yake polepole, akaichukua betri kwa mikono miwili, akaenda nayo mpaka kwenye jiwe lile bapa tunapoanikia mtama. Akaiweka. Akakaa pembeni yake. Baada ya muda akaigeuza upande wa pili, kwa upole, akaifuta vumbi kwa ncha ya shuka lake.

Unajua alichokuwa anafanya? Betri za redio, zile za kawaida, zikichoka sote tulizianika juani au tukazipasha karibu na moto, zikapata nguvu ya kusikilizia taarifa ya habari siku mbili tatu. Kila nyumba huku ilifanya hivyo. Babu aliniona nahangaika, akaamua kunisaidia. Kila nilipoichomoa nikaiacha nyumbani na kwenda shambani, alikuwa anaianika.

Weee! Damu ilinipanda. Nilitoka na mdomo wazi tayari kumfokea mzee wa watu. Shangazi Niima, binti yake, alikuwa anapepeta maharage pale uani. Akanidaka mkono.

"Unakwenda kumwambia nini?"

"Shangazi, ameiua! Ameiua betri!"

"Nimekuuliza unakwenda kumwambia nini." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Mzee amekaa juani na kifua kile anakulindia kitu chako, na wewe unataka kumpigia kelele? Ukimfokea leo atanyamaza, mimi namjua baba yangu. Sasa hiyo mashine yako itarekodi nini, kunyamaza kwake?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikaenda kwenye jiwe, nikainama. "Shikamoo, Babu." "Marahaba, mjukuu wangu. Sasa ina nguvu," akasema, "iguse ilivyo ya moto." Nikaigusa. Nikamwambia asante, tena kutoka moyoni, kisha nikamwambia taratibu kwamba betri za aina hii hupenda kivuli, kama siagi. Akacheka sana. Kuanzia hapo akawa anailinda isipigwe na jua, anawafokea hata kuku wasiikaribie.

Fundi Lohay aliipima tena. Haikuwa imevimba; kama ingekuwa imevimba, alisema, asingeniruhusu kuiwasha tena. Lakini nguvu iliyopotea hairudi. "Punguza mwanga wa skrini, funga kila kitu, acha kinasa sauti peke yake," akasema. "Itafika itakapofika."

Siku ya mavuno watu walijaa uani. Babu akasimama, Shangazi amemshika kiwiko, akaanza. Mwanangu, sijui nikuelezeje. Upepo ulikuwa unashuka mlimani, mawingu yanapita karibu kabisa na vichwa vyetu, na ile sauti nyembamba inakwenda, watu wanaitikia kwa sauti nzito, inakwenda tena. Nilisahau nilipo. Nilipoinamisha macho, skrini ilikuwa nyeusi. Sijui ilizima saa ngapi. Macho ya Babu yalikuwa na ukungu wake, ule wa uzee, hakuona, akaendelea mpaka mwisho, nami nimekaa na mashine iliyokufa mapajani, machozi yananitoka na bado naitikia.

Tulipoisikiliza baadaye, tukakuta imeshika nusu tu. Sauti inafika pale anapowaombea wanaolala njiani, inakatika. Nikamwomba Babu anisemee iliyobaki. Akafikiri, akatabasamu na meno yake machache.

"Hapana. Ukiyaweka yote humo, mimi nitakaa hapa kufanya nini?"

Basi ikawa hivi. Kila nikirudi na chaji kidogo kutoka shuleni, watoto wa jirani wanakuja mbio kusikia babu anayesema ndani ya sanduku. Sauti inakatika pale pale, Babu anadakia na kuimaliza mwenyewe, na watoto wanaitikia wakiwa wamelala majanini. Nilivyoitunza ile betri! Kivulini, nusu chaji, kama yai. Alasiri hizo sizisahau hata nikiwa usingizini.

Aliondoka kabla ya mavuno yaliyofuata. Baada ya maziko ndugu wakataka kumsikia, nikaiweka laptopu kwenye kigoda uani. Sauti ikatoka, watu wakaitikia, wengine wakalia. Ikafika kwa wanaolala njiani, ikakatika. Nikageuka ili niwaombe radhi wafiwa, na nyuma yangu wale watoto wakadakia, wote kwa pamoja, neno kwa neno, na pumzi zake zile zile za kifua kibovu. Wakaendelea mpaka mwisho, na sisi watu wazima tukawaitikia.

Sasa nasaha yangu ni hii. Betri yako itoe blanketini, isikae kutwa imejaa, isikauke kabisa, na uipime kabla hujaitegemea kwa jambo kubwa. Ikivimba usiitoboe wala usiitupe motoni, mpelekee fundi. Ukiitunza hivyo itakufaa miaka. Lakini unachokipenda kweli usikiweke humo peke yake. Kisikilize mara nyingi, ukiseme kwa mdomo wako, uwafundishe na wadogo. Na mzee akikuharibia kitu kwa kukupenda, mshukuru kwanza.

Mungu akupe mvua kwa wakati na usingizi usio na hofu. Akupe watu wa kukuitikia ukisema, na wa kudakia utakaponyamaza. Uende na amani, mwanangu, urudi na amani.